Ua la Usambara Ughaibuni

Hapa Marekani huuzwa hata katika maduka ya vyakula ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoyamanyoya, linaloitwa African violet. Sisi wanafunzi wa Kiswahili yatupasa kujua kwamba Afrika hiyo ni Tanga na milima yake ya Usambara.

Mwaka 1892, Tanga ikiwa chini ya Wajerumani, mtawala wa wilaya Walter von Saint Paul-Illaire aliupeleka mmea huo kwa baba yake Ujerumani. Ukafika kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland aliuita Saintpaulia ionantha, akiienzi familia ya yule mtawala. Wenyeji wa milima hiyo hawamo katika jina hilo.

Katika miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost & Royston, waliotesha mbegu kutoka Ulaya, wakachagua aina 10 za kuuza. Kuenea kwake kulikuwa rahisi: jani moja likichomekwa kwenye udongo hutoa miche mipya, na jirani humgawia jirani. Kufikia 1946 wapenzi wa ua hili walikuwa na chama chao cha taifa.

Kwao, mmea huu huishi miaka mingi juu ya miamba yenye unyevu, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ndiyo maana dirishani hautaki jua kali wala udongo uliojaa maji, na maji baridi huacha madoa kwenye majani.

Lakini misitu ya Usambara imekatwa kwa mbao, chai na mashamba. Kivuli kikiondoka, mwamba hukauka na mmea hufa. Baadhi ya aina za mwituni zipo katika eneo dogo tu. Hifadhi ya Amani, iliyoanzishwa 1997, hulinda sehemu ya makazi yake.

Mwaka 2015 wanasayansi waliuhamishia mmea huu katika jenasi ya Streptocarpus. Jina hubadilishwa kwa kalamu. Msitu haurudishwi hivyo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Ua hili halikuiacha asili yake, bali lilinyamaziwa. Basi tunapomgawia mwenzetu jani, tumwambie pia limetoka wapi.