Muguka ni miraa au si miraa?

"Mwalimu, wacha nikusahihishe. Hii si miraa, ni muguka." Hivyo ndivyo mama mmoja, muuzaji mjini Embu, alivyonijibu nilipouliza bei ya "miraa" yake.

Kwa mtaalamu wa mimea, mama huyo amekosea. Miraa ya Igembe na Tigania kule Meru, na muguka wa Mbeere hapa Embu, yote ni spishi moja, Catha edulis, mmea ambao Peter Forsskål aliukusanya Yemen kabla ya kufariki huko mwaka 1763. Mkulima naye haelewi ubishi unatoka wapi: miraa huambuliwa ganda la vijiti vichanga, ilhali muguka hutafunwa majani. Mwanakemia anachotafuta ni kathinoni, ambayo hupungua nguvu majani yanaponyauka. (Sasa unajua kwa nini pikapu za kutoka Maua hukimbizwa vile!)

Katika sheria ndiko neno hili limehangaika zaidi. Wakoloni walijaribu kudhibiti miraa Kenya miaka ya 1940 na 1950. Tanzania huiita mirungi, na kisheria ni dawa ya kulevya. Uingereza ilishauriwa na jopo lake la wataalamu mwaka 2013 isiipige marufuku. Ikaipiga marufuku Juni 2014. Kwetu Kenya, sheria ya mazao inaitambua kuwa zao, kama chai.

Kisha ikaja Mei 2024. Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku muguka, ikitaja afya ya vijana. Zingatia: muguka, si miraa. Tofauti ile ile iliyopendwa sokoni sasa ikawaweka wakulima wa Embu pabaya, kwani soko la Pwani lilifungwa kwao huku la Meru likiachwa. Utetezi ukageuka: muguka unatambuliwa na kanuni za kitaifa za miraa za mwaka 2023, kwa hiyo kaunti haiwezi kuuzuia. Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha marufuku hiyo kwa muda.

Nilimuuliza mama yule kama angeitwa kutoa ushahidi angesema vile vile alivyoniambia. Alicheka, akafunga kifurushi changu.

"Huko kwa korti ni miraa, mwalimu. Hapa ni muguka."