Nani Alisafisha Hizi Risasi?

Wasee, wiki jana nilikuwa kwa mtu wa skrepu hapa Makongeni nikirekodi klipu ya bei ya vyuma. Kijana fulani akamwaga gunia lake kwa mzani: vitasa, vipande vya mabomba, na katikati ganda moja la risasi, kuukuu hadi limegeuka kijani. Mwenye mzani akalisukuma mbali. "Hiyo sinunui. Unataka nishikwe?"

Ako sahihi. Kukaa na risasi bila leseni Kenya ni kosa, na hata ganda tupu litakuletea maswali kituoni. Lakini lile ganda lilinikumbusha stori moja ya Moshi, hapo ng'ambo ya mpaka.

Kwanza uelewe risasi ni kitu gani. Kuna kichwa kinachoruka, kuna baruti, kuna fataki ndogo kitakoni inayowasha hiyo baruti, na kuna ganda la shaba ya manjano linaloshika vyote. Kichwa kikienda kimeenda. Ganda hubaki. Ndiyo maana risasi inaweza kufunguliwa, isafishwe na iundwe upya.

Sasa rudi 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vimechacha. Wajerumani wanatawala Tanganyika, Waingereza wako huku kwetu, na manowari za Waingereza zimefunga bahari. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za muundo wa 1871, zile ukifyatua zinatoa moshi mwingi hadi adui anaona umejificha wapi.

Aprili 1915 Ujerumani ikatuma meli iitwayo Rubens, ikijifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg. Manowari ya Waingereza, Hyacinth, ikaipiga makombora kwa ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Meli ikawaka juu, Waingereza wakaondoka wakijua imeisha. Haikuwa imeisha. Chini kulikuwa na bunduki na risasi, na wapiga mbizi wakazitoa.

Shida ni kwamba maji ya chumvi yalikuwa yameingia. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, anaeleza hii kwa kitabu chake cha kumbukumbu. Baruti na fataki zilizidi kuharibika, na risasi nyingi zikawa zinakataa kulia. Ikabidi zifunguliwe, baruti isafishwe, na baadhi ya fataki zibadilishwe. Kama zinazokataa hazizidi kama asilimia 20, risasi zilienda vitani. Zilizozidi hapo zikawa za mazoezi.

Na kazi ilifanywa na nani? Askari, wanawake na vijana, kila aliyepatikana Moshi, kutwa nzima, kwa miezi. Hakuna jina hata moja.

Hapo ndipo mi hukasirika. Jina la meli tunalo. Jina la kamanda tunalo. Lakini mama aliyeketi akifungua risasi moja moja, baruti ikiwa mbele yake, kosa dogo na vidole vimeenda, huyo hana jina. Na "aliyepatikana" si lazima awe aliyejitolea.

Usiniambie ni mambo ya Tanzania. Upande huu wetu, Waingereza walichukua vijana wakawabebesha masanduku ya risasi na chakula kwenda vitani. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na magonjwa. Babu zetu walilitamka jina hilo wakapata Kariokor. Kila siku makanga anaita "Kariokor!" na hatushtuki. Kwa hivyo huku Mwafrika alibeba risasi, kule Mwafrika akazisafisha, na vita vyenyewe havikuwa vyao. Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi, na hakuna aliyewauliza wale akina mama chochote.

Makongeni yenyewe ilikuwa mtaa wa wafanyakazi wa reli. Kama kwenu kuna shosho au guka aliyeishi hizi nyumba, mkalie chini leo. Muulize alifanya kazi gani kwa mikono yake, na ni nani waliokuwa naye. Andika majina.