Soksi za Kubana: Kifaa na Jina Lake

Neno liingialo katika lugha kwa mlango wa hospitali aghalabu halipiti kwanza mikononi mwa wanaistilahi. Ndivyo zilivyopata jina soksi wanazovaa wenye uvimbe wa miguu na maradhi ya vena: huitwa soksi za kubana. Jina hili huelewa upesi, lakini lina hatari. Katika Kiswahili kiatu kinachobana ni kibaya, na aliyekivaa hulalamika. Mgonjwa aliyeambiwa kwamba soksi yake ni ya kubana atalalamikia nini ibanapo? Maumivu huyadhania kuwa ndiyo dawa.

Kifaa chenyewe ni cha kale kuliko jina. Mwaka 1676 Richard Wiseman, mpasuaji wa Mfalme Charles II wa Uingereza, aliandika juu ya soksi ya ngozi yenye kamba kwa wenye vidonda vya miguu. Kamba hiyo iliweza kukazwa au kulegezwa kwa kadiri ya uvimbe. Mwaka 1848 Mwingereza William Brown alipata hataza ya soksi zenye nyuzi za mpira. Hapo kamba ikaondoka, na pamoja nayo nafasi ya kurekebisha. Tangu siku hizo soksi imekuwa na kipimo chake, na kosa la kupima hulipwa na ngozi.

Badiliko kubwa lilitokea Toledo, Marekani. Mhandisi Conrad Jobst, mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa mgonjwa wa miguu, aliona kuwa hupata nafuu asimamapo katika bwawa la kuogelea. Maji husukuma zaidi kadiri kina kinavyozidi, hivyo kifundo cha mguu hupata msukumo mkubwa kuliko goti. Karibu na mwaka 1950 akabuni soksi zenye kufuata kanuni hiyo: nguvu nyingi kifundoni, ikipungua kuelekea juu, damu isaidiwe kupanda moyoni.

Hapa istilahi yetu ya fizikia yafaa kuliko maelezo marefu. Kanieneo, yaani kani juu ya eneo, hudhihirisha kwa nini kunjo moja la soksi huumiza. Soksi iliyo ndefu mno hukunjwa chini ya goti. Kani iliyokusudiwa kuenea hukusanyika katika mstari mwembamba, na soksi iliyopaswa kulegea juu huwa kama kamba iliyofungwa hapo. Kwa hiyo hupimwa mzingo wa kifundo, mzingo wa shavu la mguu, na urefu hadi gotini, tena asubuhi kabla mguu haujavimba.

Madhara haya si madogo. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009, uliohusu wagonjwa 2,518 wa kiharusi katika Uingereza, Italia na Australia, waliovishwa soksi ndefu za mapajani walipata michubuko, malengelenge na vidonda kwa asilimia 5, na wasiovishwa kwa asilimia 1. Wala damu kuganda katika vena za miguu haikupungua kwa kiasi cha kutajika.

Basi alama zenyewe zahitaji majina mbalimbali. Michoro ya ufumaji inayotoweka muda mfupi baada ya soksi kuvuliwa napendekeza iitwe chapa. Mstari uliozama usioondoka upesi uwe mfuo, nao ni onyo. Mchubuko na lengelenge tunayo tayari. Neno linalonisumbua ni wekundu, litafsiriwalo moja kwa moja kutoka vitabu vya Ulaya kuwa dalili ya kwanza ya ngozi kuumia. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Muuguzi aungojeao atakutana na kidonda. Afadhali maelekezo yaseme: tazama ngozi iliyobadilika rangi, gusa kama ina joto au imekuwa ngumu kuliko ya kando yake, uliza kama inauma.

Kwa soksi yenyewe nachagua soksi za mgandamizo. Ni jina refu kidogo, ila linamwachia mgonjwa kitenzi kubana akitumie anapotaka kusema kuwa soksi haimfai.