Makisio ya Ngumi

Hapa Oicha, kwenye barabara ya taifa namba 4 kaskazini ya mji wa Beni, mtu akitaka kujua unamwona nani mshindi, atakuuliza: pronostiki yako ni gani? Neno hilo tumelipata kwa Kifaransa, pamoja na machi na ekipe na favori, nasi hatuoni haya kulitumia. Ila anayeandika Kiswahili au kukisoma redioni hulazimika kuchagua neno jingine, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi vingi vya kusema habari za kesho, na waandishi wa michezo huvitumia kana kwamba vyote ni kimoja.

Tuanze na kutabiri. Asili yake ya Kiarabu ni kufasiri ndoto. Kwetu neno hili lina makao mawili: kanisani, kwa manabii, na redioni, katika utabiri wa hali ya hewa. Katika eneo la Beni lina uzito wa ziada. Tangu 2014 watu wameuawa vijijini na mashambani, na uvumi wa shambulio huweza kuuhamisha mtaa mzima usiku mmoja. Mtu anayesema kwa uhakika kwamba kesho kutatokea hivi, huulizwa kwanza ameyapata wapi. Sipendi kuona kitenzi chenye mzigo huo kikipachikwa kwenye swali la nani atamwangusha nani raundi ya tano.

Kubashiri ndiko kunakotumika zaidi magazetini. Asili yake ni kuleta habari njema, na harufu hiyo haijatoka kabisa: anayebashiri mara nyingi hubashiri anachokitamani. Shabiki wa Hassan Mwakinyo aliyemwona akishinda kabla ya tarehe 8 Septemba 2018, siku alipomsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mjini Birmingham, alibashiri kwa maana hiyo kamili. Alikuwa na habari njema moyoni, ikawa kweli. Kubahatisha nako ni kitenzi kinachojisema chenyewe. Kile kiambishi cha -isha kinadai kwamba bahati inaweza kulazimishwa itende kazi, na ndiyo imani ya kila anayeweka pesa yake. Watanzania hulitandika dau lao kama mkeka, na likipotea husema mkeka umechanika.

Kinabaki kukisia, ambacho ndicho ninachokitetea. Kinatoka kwenye neno la Kiarabu la kupima, na kiasi ni ndugu yake. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu neno hilohilo ni kupima jambo jipya kwa jambo linalojulikana. Oicha tunamjua anayekisia: mnunuzi wa kakao anayeingiza mkono gunia likiwa halijapanda mizani, akavunja punje moja, akanusa, akatazama rangi ya ndani, kisha akataja bei. Anaweza kukosea. Lakini ukimwuliza kwa nini, ana la kukuonyesha.

Sasa tazama jinsi kitenzi hiki kinavyoeleza mojawapo ya makosa makubwa katika historia ya kukisia ngumi, na lilitokea nchini mwetu. George Foreman alifika Kinshasa 1974 akiwa na miaka 25, mapambano 40, ushindi 40, na 37 kati ya hayo kwa nokauti. Muhammad Ali alikuwa na miaka 32. Wawili waliokuwa wamemshinda Ali, Joe Frazier na Ken Norton, Foreman alikuwa amewamaliza kila mmoja ndani ya raundi mbili, wa kwanza Kingston Januari 1973, wa pili Caracas Machi 1974. Kipimo kikaonekana wazi: aliyempiga Ali amepigwa na Foreman, basi Foreman atampiga Ali. Hicho ni kipimo hasa, cha jambo jipya kwa jambo linalojulikana. Wengi waliofuatilia ngumi waliliona hivyo, na wapo waliohofia uhai wa Ali.

Kilichosahaulika ni ile -ana ya mwisho katika kupigana na kupambana. Sarufi yetu haikubali pambano la mtu mmoja. Wapiganao ni wawili, na kila mmoja humbadilisha mwenzake. Nguvu za Foreman zilipimwa kwa miili ya Frazier na Norton, waliomjia mbele. Hazikuwa zimepimwa kwa mtu anayekubali kuegemea kamba, mikono ikiziba uso na mbavu, akiacha zile ngumi zimchoshe mwenye kuzitupa. Pambano lilikuwa lipigwe Septemba. Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likaahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba. Likaanza usiku wa manane kupita, karibu saa kumi alfajiri, ili Wamarekani waone jioni yao. Uwanja wa 20 Mai ulikuwa ukiimba kwa Kilingala, Ali, boma ye, yaani muue. Sikio la Mswahili husikia boma lingine, lile la ngome, na naona hata hilo halikukosea, maana ngome ndiyo Ali aliyoijenga kwenye zile kamba. Raundi ya nane, zikiwa zimebaki sekunde mbili, Foreman alikuwa chini na hesabu imekwisha.

Je, waliokisia walikuwa wajinga? Hapana. Walipima vizuri kitu kimoja na hawakupima cha pili. Kosa lao linaonekana na linafundishika, jambo ambalo huwezi kulisema juu ya utabiri.

Mabondia wetu wa leo wanatoa mifano ileile. Ilunga Makabu alipotwaa mkanda wa WBC Kinshasa tarehe 31 Januari 2020 dhidi ya Michał Cieślak, alishinda kwa pointi, na neno hilo dogo, kwa pointi, ni sehemu ya makisio yoyote ya kweli: anayetaja mshindi bila kutaja njia hajasema nusu ya jambo. Mdogo wake, Martin Bakole, alimsimamisha Jared Anderson raundi ya tano huko Los Angeles Agosti 2024, na Anderson alikuwa hajapoteza hata pambano moja. Miezi michache baadaye, Februari 2025, Bakole huyohuyo aliitwa Riyadh siku mbili tu kabla ya pambano, kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua, na Joseph Parker akammaliza raundi ya pili. Aliyeichukua ile raundi ya tano ya Los Angeles kuwa kipimo, bila kuuliza mtu amefanya mazoezi wiki ngapi, aliingiza mkono kwenye gunia la mwaka jana.

Kuna pengo moja sijalipatia jibu linaloniridhisha: neno la Kiswahili la favori, na la mwenzake. Magazeti husema bondia fulani anapewa nafasi kubwa ya kushinda, bila kumtaja mpaji. Kwa mwenzake baadhi huandika mnyonge, nami hilo silikubali: Ali hakuwa mnyonge Kinshasa, wala Mwakinyo Birmingham. Asiyepewa nafasi ni refu, lakini angalau linaonyesha kwamba upungufu uko kwa watoaji nafasi, hauko mwilini mwa mtu. Naye anayefanya kazi hii, mbashiri limekwisha kuzoeleka na sitaligombania. Kwenye karatasi yangu ya redio, hata hivyo, nitaandika mkisiaji, na mbele ya kila jina la mshindi nitadai mambo mawili: njia, na raundi.