Nchi jirani: Mlango wa sayansi chuoni hufunguliwa sekondari

Kila matokeo ya mitihani ya kumaliza sekondari yanapotangazwa nchini Kenya, Tanzania na Uganda, wapo vijana wanaogundua kwamba wamefaulu, ila hawawezi kusomea uhandisi, udaktari au kompyuta. Mara nyingi kinachowazuia si jumla ya alama, bali somo moja waliloliacha miaka kadhaa nyuma. Makala haya yanaeleza jinsi nchi hizo tatu zinavyowapanga wanafunzi wapya katika masomo ya hisabati na sayansi.

Kenya

Kazi hiyo hufanywa na KUCCPS, taasisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Anayetaka shahada sharti apate wastani wa C+ au zaidi katika mtihani wa KCSE. Kisha huangaliwa masomo manne yanayohusiana na kozi aliyoomba. Hisabati ni lazima kwa kila mtahiniwa, lakini fizikia si lazima. Kijana aliyeiacha fizikia alipoingia kidato cha tatu hapati nafasi ya uhandisi, hata akiwa na wastani wa A. Asiyefikia C+ anaweza kuanza na stashahada, ambayo kiwango chake cha chini ni C-, na baadaye kuendelea na shahada.

Tanzania

Hapa uamuzi hufanyika mwanafunzi anapochaguliwa tahasusi ya kidato cha tano. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa kawaida hudai ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hata hivyo, pointi hizo lazima zitoke katika masomo yanayotakiwa na kozi yenyewe: udaktari, kwa mfano, hudai fizikia, kemia na baiolojia. Mwanafunzi wa tahasusi hiyo, PCB, hasomi hisabati ya juu. Husoma hisabati tumizi ya msingi, BAM, kama somo la ziada. Wengi hulipuuza somo hilo, na huja kujuta wanapokuta kozi inayolihitaji. Waliopungukiwa wanaweza kupitia stashahada, au programu ya awali ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania.

Uganda

Vyuo vikuu vya umma hupima kila somo kwa uzito wake. Alama ya A katika kidato cha sita ni pointi 6. Somo la lazima kwa kozi huzidishwa mara tatu, somo linalohusiana mara mbili, linalopendelewa mara moja, na mengine kwa nusu. Hivyo A ileile huzaa pointi 18 katika kozi moja na pointi 3 tu katika nyingine. Wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanzia Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990.

La kuzingatia

Mifumo hii inatofautiana kwa hesabu, lakini inafanana kwa jambo moja: chuo hukagua chaguo lililokwisha kufanywa. Mzazi anayesubiri matokeo ndipo aulize habari za kozi huwa amechelewa. Wakati wa kuuliza ni pale mwanafunzi anapochagua masomo, na swali lenyewe ni fupi: nikiacha somo hili, ni kozi zipi zitanifungia mlango?

Kwa anayetaka kuvuka mpaka kwenda kusoma, kuna hatua nyingine. Cheti cha nchi moja huhitaji kwanza kulinganishwa na mamlaka ya nchi aendako kabla ya kuomba nafasi. Ni vyema kuanza mapema, kwani muda wa maombi haumsubiri mtu.