Alelopathia: Mjozi Mweusi na Nyanya Zinazonyauka

Mashariki mwa Marekani, ambako mjozi mweusi ndiko kwao, mkulima anaweza kupanda nyanya karibu na mti huo zikashika vizuri, zikaanza kutoa maua, kisha zikanyauka ghafla ilhali udongo una maji ya kutosha. Mahindi na vitunguu vya jirani havidhuriki. Jambo hilo, la mmea mmoja kuathiri mwingine kwa kemikali, wataalamu huliita alelopathia.

Hans Molisch, bingwa wa mimea wa Vienna, alilitunga neno hilo mwaka 1937 kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya "wao kwa wao" na jingine "mateso". Hiyo "wao kwa wao" katika Kiswahili tunayo tayari katika kiambishi -an-, ndiyo maana napendekeza kwa moyo wote tuseme uathiriano wa mimea. Tafsiri ya "sumu ya mimea" inabana mno. Molisch mwenyewe alihesabu madhara na manufaa pia, na alichunguza sana jinsi gesi ya ethilini inayotoka kwenye tofaa bivu inavyobadili ukuaji wa mimea mingine.

Kwa mjozi mweusi kinachotajwa ni kemikali iitwayo jugloni. Kata ganda la kijani linalofunika kokwa: nyama yake iliyopauka hugeuka kahawia machoni pako, na anayemenya bila glavu hubaki na vidole vyeusi kwa siku nyingi. Ndani ya mti ulio hai kemikali hiyo imo katika umbo lisilo na rangi wala madhara makubwa. Ikikutana na hewa ndipo inapogeuka jugloni. Huingia udongoni kupitia mizizi, majani yaliyoanguka na maganda yanayooza, na huvuruga upumuaji wa seli za mmea usioihimili.

Mpaka wa neno hili ni huu: ushindani huondoa kitu, yaani maji, mwanga au mbolea, uathiriano huongeza kitu, yaani kemikali. Ni tofauti ngumu kuithibitisha shambani, kwa kuwa mti mkubwa hufanya yote mawili kwa pamoja, na wapo watafiti wanaoona jugloni inalaumiwa kupita kiasi. Farasi naye, akilazwa juu ya maranda ya mbao za mjozi mweusi, huvimba miguu, lakini hiyo si alelopathia. Neno halihusu wanyama.

Kwetu, gugu karoti linaloenea Arusha ni mfano halali, maana kemikali zake zimeonekana kuzuia mbegu za mimea mingine kuota. Mkaratusi unahitaji tahadhari zaidi. Majani yake yana kemikali za aina hiyo, ila pia hunywa maji mengi, na shamba linapokauka chini yake tuanze kwa kupima unyevu wa udongo kabla ya kulitumia neno hili.