Mlima, Maji na Televisheni ya Uvira

Mtu akisimama usiku katika ufuko wa Kavimvira, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira, uso ameuelekeza mashariki, huziona taa za Bujumbura zikimetameta ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Na akigeuka nyuma, haoni ila kivuli cha milima ya Mitumba, iliyosimama wima kama ukuta baina yake na sehemu kubwa ya nchi yake. Nadai kwamba nusu ya taarikhi ya televisheni ya mji huu imo katika mandhari hiyo, na kwamba kila mwandishi aianzaye habari hii Kinshasa huwa ameianzia mahali pasipo pake.

Kinshasa ina fungu lake, sikatai. Televisheni ya taifa ilizinduliwa huko tarehe 23 Novemba 1966, mkesha wa kutimia mwaka mmoja tangu Mobutu atwae utawala, na tangu hapo ikawa chombo cha dola, hata raia wakazoea kwamba kabla ya kusomewa habari ni sharti kwanza waione sura ya Rais ikiteremka kutoka mawinguni. Walakini dola haina amri juu ya maumbile. Mawimbi ya televisheni husafiri kwa njia iliyonyooka mithili ya mwanga, wala hayapenyi jabali. Na baina ya Kinshasa na Uvira pana zaidi ya kilomita 1,500 za misitu, mito na safu za milima, na hata Bukavu, makao makuu ya Kivu ya Kusini, imejificha nyuma ya miinuko ya Ngomo. Amma maji ya ziwa hayazuii kitu. Kwa hiyo Burundi ilipoanzisha televisheni yake mwaka 1984, maumbile yenyewe yaliwaweka watu wa Uvira karibu zaidi na mnara wa jirani kuliko na mji mkuu wao.

Kuna jambo jingine ambalo wasomi hulipita wakiliona dogo, nami naliona kubwa, nalo ni saa. Kinshasa iko nyuma ya Uvira kwa saa nzima, hivyo taarifa kuu isomwayo huko saa mbili ya usiku humfikia mtu wa Uvira saa tatu, wakati mvuvi amekwisha shuka majini na taa zake na watoto wamekwisha lala. Ilhali Bujumbura na Uvira hufuata majira yaleyale, huamka pamoja na kulala pamoja. Na lugha ni hivyo hivyo. Kinshasa husema zaidi kwa Kifaransa na Kilingala, lakini Bujumbura, pamoja na Kirundi na Kifaransa, husoma habari kwa Kiswahili, ambacho ndicho kinachowakutanisha sokoni Mvira, Mfuliiru, Mbembe na Mrundi. Mtu aliyeamua kumtazama jirani alikuwa na sababu zake, na asilani hapaswi kulaumiwa kwa kukosa uzalendo.

Hata hivyo, kioo cha jirani si mali yako. Mwezi wa Mei 2015, wakati wa jaribio la kuipindua serikali ya Burundi, redio za RPA, Isanganiro na Bonesha pamoja na Télé Renaissance zilishambuliwa na kunyamazishwa, huku wakimbizi wakivuka kuingia Uvira, wengi wao wakapelekwa kambi ya Lusenda huko Fizi. Wenyeji waliwapokea wageni hao katika saa ileile ambayo sauti zilizokuwa zikiwaeleza mambo ya ng'ambo zilikuwa zimekatwa. Ndipo ilipodhihiri kwamba mji uliotegemea mnara wa mwingine hauna shauri juu ya siku ya kunyamaza kwake.

Redio, kwa upande wake, ilipata miguu mapema kuliko televisheni. Radio Okapi, iliyofunguliwa tarehe 25 Februari 2002, siku ileile yalipoanza mazungumzo ya Wakongomani huko Sun City, iliieneza sauti moja nchi nzima. Na Uvira yenyewe ikapata redio zake, zikiwamo Le Messager du Peuple na Mitumba. Sababu si ngumu. Redio hutosheka na betri mbili, lakini televisheni hudai umeme wa kudumu, na umeme wa pande hizi hutegemea mabwawa ya mto Ruzizi, la kwanza la miaka ya 1950 na la pili la mwaka 1989, ambayo hayajaweza asilani kukidhi haja ya miji ya bonde hili iliyokua mara nyingi.

Basi kituo cha wenyeji ni kipi? Wako wanaojibu kwamba ni kile chenye mnara na studio mjini. Mimi naona jibu hilo ni pungufu, kwa maana mnara waweza kusimama mjini na kutapika ya mbali mchana kutwa. Kituo ni cha wenyeji kinapoihifadhi kumbukumbu yao na kuwarudishia. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika ukapita katikati ya Uvira, ukabomoa nyumba na madaraja na kuua makumi ya watu. Na picha za msiba ule zilisambaa kwa simu za mkononi, kisha simu zikavunjika, zikauzwa, zikapotea, na picha pamoja nazo. Taifa haliwezi kuandika taarikhi ya mji ambao ushahidi wake umo katika mifuko ya watu.

Kwa hiyo nawaelekea wapiga picha za video wa Uvira, wa Kiliba, wa Makobola na wa Baraka, ambao kwa miaka mingi wamerekodi arusi, mazishi, mahubiri na mafuriko pasipo kujua kwamba wao ndio televisheni ya mwambao huu: zitoeni kanda zenu sandukuni kabla ukungu wa ziwa haujazila, mziandike tarehe na mahali, na mziweke nakala kwa redio za mji, kwa parokia na kwa vyuo vyetu.